Maneno ya Zamu ya Usiku

Neno la kwanza niliandika nyuma ya kibandiko cha dripu,
kalamu ikikwaruza gundi:
"reluctant".
Kamusi ilisema: asiye na hiari.
Mimi nikaandika: ng'ombe wa mama mkwe mlangoni pa zizi jipya,
kichwa kimeingia, kwato zimekataa.

Maneno kumi kila zamu, wodi ya nne, Kottayam,
mvua ikipiga bati la jiko la hospitali
na Sista Bincy akikoroma juu ya daftari la dawa.
Mtihani ni Jumamosi ya tatu.
Kwa ada, bangili mbili ziko rehani.

Kitanda cha sita amelala Mwalimu Kuruvila,
miaka thelathini na minane akifundisha Kiingereza,
hadi asubuhi moja, akinyoa ndevu,
mshipa ukapasuka ukaondoka na kamusi nzima.
Akaachiwa neno moja: chai.
Mkojo ni chai. Mkewe ni chai. Maumivu ni chai.

Nilikuwa nikimgeuza ubavu huku nikijisomea,
nikasema "meticulous", nikakanyaga silabi isiyo yake.
Kidole chake kikagonga chuma cha kitanda:
ti-TI-ti-ti.
Nikarudia vibaya. Kikagonga.
Nikarudia. Akafumba macho
kama mtu aliyekunwa penyewe hasa.

Basi tukawa darasa.
Yeye hana maneno, ana mapigo;
mimi nina maneno, sijui yanapumulia wapi.
"Frugal": sabuni ya mkewe,
vipande vitatu vilivyobanwa kuwa kimoja.
"Candid": binti yake kutoka Kochi,
akiuliza gharama za mazishi bila kushusha sauti.

"Bereft" sikulitamka.
Nilisoma maana yake kimoyomoyo,
nikaruka hadi neno linalofuata.
Kidole kikagonga mara moja, kwa nguvu.
Rudi.
Nikarudi. Nikalisema.
Pigo dogo, kisha kubwa.
Alikuwa analijua; mkono wake haukutafuta.

Nilipata sita na nusu.
Wanataka saba.
Nusu hiyo ni upana gani, sijui,
ila Ayalandi nzima imepita hapo na mlango ukafungwa.

Nilipomwambia, alinitazama kwa muda mrefu,
akasema: chai.
Huenda ni pole. Huenda ni mjinga we, nilikuonya kuhusu vituo.
Huenda koo lilikuwa kavu tu.
Nikamletea kikombe cha bati, sukari kidogo
ambayo daktari amekataza,
nikamnywesha kwa kijiko, nusu ikamwagika kwenye shuka
niliyoitandika mwenyewe, kona nne, saa kumi usiku.

Jana nimepeleka bangili ya tatu.
Neno la kwanza la daftari jipya ni "ambiguous".
Nililisema nikipima homa, bila kumtazama,
na nyuma yangu kidole kikagonga chuma:
ti-TI-ti-ti.