Mtoto wa Meza

Mtoto wa meza, yule wa pili kutoka juu,
alinitunzia siri miezi saba:
visikizi viwili, vidogo kama njegere,
ndani ya kijaluba chao, betri hazijaguswa.
Nesi Maarit alinipachika mwezi wa nane.
Nikasema asante, nikatoka, nikavivua kwenye ngazi.
Dunia ilikuwa na kelele mno.
Hata koti langu lilikuwa linaongea.

Nina miaka sabini na mmoja.
Thelathini na minane nilichambua barua, posta ya Joensuu,
mkono ukiijua njia kabla ya jicho:
kaskazini huku, ziwani kule, Helsinki kapu kubwa.
Barua isiyo na anwani tuliiweka pembeni,
nayo ilikaa, ikakaa,
haina kosa, haina pa kwenda.

Mama aliitwa Hilja. Kwetu jina hilo maana yake kimya.
Alianza kwa kusema "Eh?"
Kisha akaacha hata "Eh?", akawa anatabasamu tu,
nasi tukasema, Mama siku hizi amekuwa mpole.
Akaacha densi ya Jumatano.
Akaiacha simu ilie hadi ichoke.
Jioni moja akaniuliza kwa adabu,
kama anayemuuliza karani dirishani:
"Samahani, binti yangu Tellervo hutoka kazini saa ngapi?"
Nilikuwa nimevaa aproni yake.
Nikamjibu, saa kumi.

Je, sikio lilifunga duka, ubongo ukakosa wateja?
Au ubongo ndio uliozima taa kwanza?
Nilimuuliza daktari. Kijana, ana chunusi shingoni.
Akasema, kwa mama yako, hakuna ajuaye.
Akanifunga mkono, akaupuliza mpira wa presha,
mia moja sitini na nne,
akaitazama namba ile kama mwalimu
aliyekuta kosa kwenye daftari la mtoto anayempenda.
Hakuniahidi kitu. Nilimpendea hilo.
"Bahati ina sehemu yake," alisema, "na wewe una yako.
Ishike yako."

Basi. Chumvi nimeihamishia rafu ya juu kabisa,
nikiitaka sharti nipande kigoda,
na magoti yangu ni walinzi wakali.
Asubuhi naufuata mto Pielisjoki, viatu vina misumari,
maana kwenye barafu miguu hukopa, kichwa hulipa.
Sigara niliacha mwaka aliokufa Urho. Sitaki sifa, zilipanda bei.
Mafumbo ya gazetini nilijivunia,
hadi mjukuu wangu Eevi aliponiambia:
"Bibi, hayo ushayazoea. Hiyo ni posta tu."
Akanitolea akodioni ya babu yake chini ya kitanda.
Vidole vyangu, vilivyopanga nchi nzima kwa namba,
havijui do iko wapi.
Jirani wa chini anagonga dari kwa fagio.
Agonge.

Lakini mtoto wa meza nilikuwa simfungui.

Hadi Jumatano ya mwezi wa tatu, ukumbini, tango linapigwa,
Veikko akaja mbele yangu, akasema jambo.
Sikulisikia. Nikatabasamu.
Akasema tena. Nikatabasamu tena.
Akainama kidogo, akaenda kwa mwingine.
Na dirishani, penye giza la nje, nikaliona lile tabasamu,
pole, tamu, tupu.
Nilikuwa nimeliona miaka sita mfululizo, mezani, likinywa supu.

Usiku ule droo ilikwama. Niliivuta kwa mikono miwili.

Sasa nasikia friji inavyokoroma.
Nasikia barafu ya mtoni ikipasuka, kama mtu anayekunjua barua nzito.
Eevi hula kwa sauti, wallahi sikujua.
Kuna siku naudhika, navivua saa nzima, kisha navirudisha.
Na likinipita neno nasema, "Rudia."
Nasema bila haya, dukani, kanisani: rudia.

Juzi nilicheza na Veikko.
Anaimba huku anacheza, sikuwa na habari,
na ubeti wa pili anaukosea.
Nikamsahihisha, neno kwa neno,
mpaka mwisho wa wimbo.