Faini ya Nyumba Namba 61

Baba alivaa kaptura ya kaki iliyopigwa pasi,
filimbi shingoni, upawa wa bati kiunoni,
na kwapani daftari la Serikali, lile la karatasi za kaboni.
Katuba nzima ilimwita Bwana Viluwiluwi.
Si mbele yake.

Kabla king'ora cha kiwanda hakijawaamsha wanaume
yeye alikwisha kuinama uani kwa mtu,
anachota maji ya tairi, anayainua kwenye mwanga
kama fundi saa.
Kopo la nyanya: faini.
Kinu kilichopasuka: faini.
Choo kisicho na kifuniko: faini, na maneno juu yake.

"Mama Kahambwe, huu mutungi iko na batoto mingi kupita weye."
Mama Kahambwe alicheka. Kisha akakumbuka
wale wawili aliowazika masika yaliyopita, akanyamaza.
Baba alichana karatasi akampa hivyo hivyo,
macho yake kwenye viatu.

Kati yetu na mji wa Wazungu palikuwa na uwanja mtupu:
nyasi fupi, hakuna nyumba, hakuna hata kichuguu.
Walisema upana wake umepimwa kwa mbawa za mbu,
akitoka kwetu atachoka, ataanguka katikati.
Nikauliza, na mbu wa kule, akitaka kuja huku?
Baba akasema: kula.

Alhamisi moja tulivuka, tumebeba ripoti ya mwezi.
Barazani kwa mkubwa wake palikuwa na beseni la mawe
lenye maua yanayoelea, meupe, makubwa kama visahani.
Baba aliinama, mazoea tu.
Nami niliwaona: wanacheza humo,
wanajikunja, wanajikunjua, hawana habari na mtu.
Mkono wa baba ulikwenda kwenye penseli,
ukakaa hapo kidogo,
ukarudi.
Daftari lilikuwa na orodha ya mitaa.
Mtaa ule haukuwemo.

Njiani hakusema kitu, hata tulipopita kwa muuza mihogo.

Sasa niseme langu.
Nilikuwa na miaka minane na nilikuwa na samaki,
ndani ya kopo la jemu, chini ya kitanda.
Nilidhani ni samaki. Walining'inia kichwa chini,
wakipumua kwa mkia,
na niliwapa majina ya watakatifu wa kalenda ya misheni.
Agnesi aliota mabawa usiku mmoja, asubuhi hayupo.
Nililia kwa ajili ya Agnesi.
Wiki hiyohiyo mdogo wangu Mulunda akashikwa na homa,
meno yakigongana kama kokoto ndani ya debe.

Baba alipiga magoti kutafuta kiatu. Akapata kopo.

Hakunipiga. Aliuliza tu, "Beko ngapi?"
Nikamwambia kumi na mmoja, na Agnesi aliyekwenda.
Akaketi mezani, akavaa kofia ya kazi, ndani ya nyumba, usiku,
akaandika:
Mwenye nyumba: Mwepu Kaseya. Namba 61.
Kosa: maji yaliyotuama. Franka hamsini.
Akatia sahihi mahali pa mlinzi,
akageuza kalamu, akatia sahihi mahali pa mkosaji.
Mama akasema, "Weye uko wazimu? Nani angejua?"
Zilikuwa pesa za baiskeli.
Masika yale yote alitembea.

Mulunda alipona. Wengine, mitaa ya chini, hapana.
Watu walimcheka baba wiki nzima,
lakini mitungi ikaanza kulala kifudifudi,
na Mama Kahambwe alileta bakuli la uyoga,
akaliweka mlangoni, hakusema la nini.

Ule uwanja umejaa nyumba sasa; ukipita hujui.
Nakala ya faini ninayo. Kaboni imefifia,
jina lake halionekani tena, kosa bado linasomeka.
Miaka mingi sikuigeuza.
Nyuma, kwa penseli, herufi zake zile za kuegemea kushoto:
jina la mtaa usiokuwemo,
tarehe ya Alhamisi ile,
na mahali pa hesabu, neno moja,
*wengi*.