Kopo la Chachu

Lilianza na machicha ya ulanzi,
vijiko viwili, si zaidi,
yaliyobaki ndani ya mbeta ya Baba
wiki ile tuliyogawana vitu vyake.
Kaka alichukua kisu cha kugemea,
shangazi akachukua koti.
Mimi nikaomba mbeta, wakacheka.

Nikakoroga machicha na unga wa ngano,
maji ya uvuguvugu, nikafunika kwa kitambaa.
Siku tatu kimya.
Siku ya nne kopo likatoa povu, likanung'unika,
kama yeye akirudi kutoka kwenye mianzi
mvua imemnyeshea.

Mama hakuuliza.
Mama ni wa kwaya, sauti ya pili,
na ulanzi haukuwahi kuvuka kizingiti chake.
Zabloni Mligo aliunywea uani miaka thelathini na moja,
ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa,
akimsalimia mkewe kupitia dirishani.

Januari hii Igosi haina jua.
Ukungu umeingia mpaka ndani ya soksi.
Pichi zimeanguka hata nguruwe wamezikinai
(vitabu huziita fyulisi; sisi tunajua pichi,
ndogo, zenye vinyweleo, nyama imeng'ang'ania kokwa
kama mtoto anayeachishwa ziwa).
Nimezimenya usiku, nimezichemsha
na sukari kidogo na ganda la limau
mpaka zikawa nzito,
rangi ya mkaa unaochoka.

Unga huu hauna haraka.
Watu wa Dar wanasema saa nne zinatosha.
Hapa nimeulaza, nimeuamsha,
nimeuwekea chupa ya maji ya moto kama mgonjwa,
nimelala nao jikoni, blanketi moja,
na saa kumi alfajiri nikaubonyeza:
shimo likajaa polepole,
likanirudishia kidole changu.

Kisha siagi. Kisha kukunja,
kupumzisha, kukunja tena,
nikisukuma kwa chupa ya soda
kwa kuwa nyumba hii haina ya bia.
Pichi katikati, kingo nikazibana kwa uma.
Vikunjo, nimeviita, kwa kukosa jina.
Mkaa chini ya sufuria, mkaa juu ya mfuniko,
na mimi nikichungulia kila dakika,
jambo ambalo haliruhusiwi.

Viwili viliungua.
Kimoja kilipasuka, kikavuja,
sukari ikalia juu ya bati.
Vinne vilisimama.

Mama akarudi kutoka ibada ya asubuhi, viatu mkononi.
Akaketi. Akachukua kile kilichopasuka
(siku zote huchukua kilichopasuka).
Akauma, akatafuna,
akaacha kutafuna.
Nyuma ya utamu kuna uchachu mdogo
unaokuja umechelewa,
unaosalimia kutokea nje.

Akatazama uani.
Ndoo bado ipo, imepinduliwa,
mvua inaipigapiga.

"Hiki," akasema, "hakikuumuliwa kwa hamira."
Halikuwa swali. Sikujibu.
Akala cha pili.
Siagi akaifuta kwa kiganja, kitambaa kipo pale pale.

Nilikuwa nasugua sufuria
niliposikia mlango wa kabati.
Alikuwa amelitoa kopo, amelinusa,
amefungua kitenge cha kiunoni
na sasa analizungushia, mara ya kwanza, mara ya pili,
akikaza fundo kwa meno.

"Usiliweke tena karibu na dirisha," akasema.
"Usiku huu kutakuwa na baridi,
na koti lake mmempa shangazi yenu."