Ondoa Gumba

"Hiyo ni shingo ya gitaa, Elinisafi,
si ya kuku wa Krismasi."

Mwalimu Aikande hanitazami usoni.
Anatazama nyuma ya shingo,
pale dole gumba langu lilipochomoza
kama mpangaji anayechungulia dirishani
kujua kama mwenye nyumba ameshaondoka.

Miaka kumi na tisa nimepiga hivyo:
kwaya ya vijana Rau, kipaimara, harusi za Kiborloni,
mkanda begani, shati limelowa mgongoni,
na hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza
gumba langu linalala wapi.

Sasa nimekalishwa kwenye kiti kisicho na mikono,
mguu wa kushoto juu ya kigoda,
katika chumba nyuma ya mafundi nguo, Kiusa.
Cherehani tatu zinatuhesabia mapigo
na hazikubaliani.

"Kiwiko kishuke. Kifundo kinyooke.
Kila kidole na mlango wake, kisigonge kwa jirani."
Kidole cha mwisho kinatetemeka,
kinajikunja chini ya wenzake kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa.
Uzi wa tatu unakoroma.
"Tena."
Unakoroma.

Ndipo akatoa mfukoni tunda la kahawa,
jekundu, la kwao Machame,
akalibana kati ya gumba na mti wa gitaa.
"Likipasuka, umekaba."

Lilipasuka kabla sijamaliza mstari wa kwanza.
Utamu ukateremka hadi kwenye saa.

Hakucheka. Aliugeuza mkono wangu,
akaupapasa mfupa juu ya kidole cha kati, palipo na kovu.
"Nani aliupiga huu?"

Darasa la pili, Kibosho. Fimbo ya mpera.
Nilikuwa nimeshika kalamu kwa mkono ulioijua kalamu,
nikaambiwa huo ni wa chooni.
Nilijifunza kuandika kwa ule mwingine, vibaya, mpaka leo,
na huu ukajifunza kushika kila kitu
kama kitu cha wizi.
Shambani tu ndiko ulikoachwa.
Mkahawa haukuuliza mkono gani;
bibi alitaka debe lijae,
na mkono huu ulichuma jekundu moja
bila kuangusha mabichi mawili.

Hayo yote sikumwambia.
Nilisema, "Shuleni,"
naye akaitikia "Mm," kama mtu aliyewahi kulisikia.

"Haya. Ondoa gumba."
"Nitashikilia nini?"
"Hushikilii. Uache mkono uwe mzito.
Umewahi kuona mkungu ukisukuma? Unaning'inia tu,
na mgomba unainama wenyewe."

Nikaondoa gumba.
Likabaki hewani, bila kazi, bila pa kutazama.
Nikauachia mkono uzito wake wote, kuanzia begani,
shahada ikalala juu ya nyuzi sita,
na sauti ikatoka,
nyembamba, haina mchanga,
kama maji ya mfongo zamu yako inapofika
na jirani wa juu amekumbuka kukufungulia.

Sauti moja.
Iliyofuata ilikwaruza.
Gumba lilikuwa limerudi, sijui saa ngapi,
limekaa pale pale kama halijawahi kutoka.

"Alhamisi," akasema, akifuta shingo ya gitaa kwa kanga,
"uje umekata kucha."

Nje kulikuwa na wingu, mlima haupo.
Kwa mama anayechoma ndizi pale kona
mkono wa kulia ulikuwa umebeba gitaa,
nikatoa mia tano kwa kushoto.
Akaitazama noti. Akanitazama mimi.
Alikuwa anaisubiri ile samahani
ambayo sisi sote tuliifundishwa.

Ilinifika hadi kwenye meno.
Mkono ulikuwa mzito, umelegea,
vidole vimejipinda kidogo, kila kimoja mlangoni kwake.
Nikaungoja achukue.