Simu ni ya Nani?

Chumbani kwetu Langoni,
sote wanne tu kazini,
vikombe viko mezani,
wanaume, tena wema.

Tuliandika programu
ya wenye mimba wa Amu:
majibu yao ya damu
yatumwe kwa simu, hima.

Tukaijaribu, sawa;
makosa yakatolewa,
tukaagiza kahawa,
tukajisifu: ni njema.

Batuli, mgeni wetu,
akauliza swali tu:
"Huko majumbani mwetu
simu ni ya nani, jama?

Mama hana simu yake,
hutoa ya mume wake;
damu yake, siri yake,
yeye wa mwisho kusoma?"

Feni ikawa yanena,
sisi maneno hatuna;
macho manane, mapana,
hayakuona la mama.