Zamu Yangu ya Kusoma Mvua

Wazazi wameketi kwenye madawati yetu,
magoti yamegonga mbao, hayana pa kwenda.
Baba yake Ragwar amejikunja kama shuka.
Mwalimu Kerubo anafuta ubao mara ya pili
na mara ya kwanza ulikuwa safi.

Ametangulia Obuya na maharagwe yake:
matano kwenye pamba, ndani ya kopo la siagi.
Manne yameota, la tano limekaidi.
"Hili," anasema, "bado linafikiria."
Wanacheka. Mwalimu anaandika kitu.

Sewe anataja sehemu za ua
kwenye ua la boga lililokwisha kunyauka,
anasahau chavua, anaketi,
kisha anapaza sauti kutoka nyuma: Chavua!

Apiyo na Adongo wameleta ramani.
Apiyo kachora barabara, Adongo kachora mto,
na sasa wanagombana mbele ya wageni
daraja ni la nani.

Halafu mimi.
Mimi ndiye mtunza mvua wa Gredi ya Tano.
Chombo changu ni chupa iliyokatwa shingo,
shingo ikapinduliwa ikawa faneli,
na rula imebandikwa ubavuni.
Kila asubuhi, saa mbili kasorobo,
huinama mpaka jicho liwe sawa na maji,
si juu, si chini.
Ukisoma umesimama, mvua inakudanganya.

Nafungua daftari. Nasoma kwa sauti ya gwaride.
Jumatatu, milimita nne.
Jumanne, hakuna kitu, ila mdudu mmoja.
Jumatano, kumi na moja.
Alhamisi, sitini na nane,
na hapo mwandiko umepinda kwa furaha,
maana hakuna aliyewahi kuandika namba kubwa hivyo.

Ijumaa.

Ijumaa nimeacha wazi.
Nilikariri cha kusema:
"Kipimamvua hakikupatikana,"
maneno ya kitabuni, yamepigwa pasi.
Lakini nainua macho namwona mama yake Akeyo,
aliyelala siku tisa katika darasa hili hili,
chini ya chati ya vitenzi,
kuku wake wawili wamefungwa kwenye mguu wa meza ya Mwalimu.
Namwona baba yake Ragwar,
ambaye mpunga wake uliota ndani ya magunia
kama maharagwe ya Obuya, bila pamba.
Hawa wote wanaijua Ijumaa.
Mimi nilikuwa na rula tu.

Nasema: "Ijumaa Mto Nyando ulikuja mpaka bustani ya shule.
Haukubisha hodi.
Ulichukua chupa, na rula, na milimita zote."

Kimya. Nzi anatembea juu ya ramani, anavuka bila daraja.

Mama yake Akeyo anasimama.
Anaweka kiganja chini ya shingo.
"Kwangu yalifika hapa. Andika."
Nani angemkatalia? Apiyo anakimbilia rula ya mita,
Adongo anaishika isiyumbe,
mimi nainama, jicho sawa na kiganja:
mita moja, sentimita ishirini na sita.
"Kwa milimita?" anauliza Mwalimu, mwalimu ni mwalimu,
na darasa zima linaitikia:
elfu moja mia mbili na sitini!

Baba yake Ragwar anajinasua kutoka dawatini.
"Kwangu, paja." Nyanya yake Sewe, kiuno,
ila anasema yeye ni mfupi, tusimpunje.
Wamepanga foleni hadi mlangoni,
watu wazima, wakisubiri kupimwa.

Sewe ananyoosha mkono.
"Mwalimu, lakini hiyo si mvua. Hiyo ni mto."
Ni kweli. Mwalimu anatazama dirisha kitambo.
"Piga mstari," ananiambia. "Fungua safu nyingine."

Nikapiga mstari. Haukunyooka sana.

Leo asubuhi: milimita mbili.
Chupa ni mpya. Nimeifunga kwa waya.