Hatua Sentimita Sabini na Mbili

Hatua yangu ni sentimita sabini na mbili.
Tulipimana wiki ya kwanza, uwanjani, kwa utepe,
na Mwalimu Kaaya akasema: mwenye kujua hatua yake
hana haja ya kuuliza njia.
Nikamwamini. Mtu wa Tandahimba
huamini upesi kitu kisichodai fedha.

Basi Jumamosi, chai bila kitafunwa,
daftari la mistari, penseli sikioni,
nikatoka getini nikihesabu.
Kwenye daraja nikasimama. Naura ilikuwa ikinung'unika
juu ya chupa na maganda ya ndizi.
Kwetu maji hununuliwa kwa ndoo;
hapa yanakatiza mjini mchana kweupe
na hakuna hata mmoja anayeyatazama.
Nikaandika: mto.
Nikaandika tena: mto.

Mnara wa Saa: elfu moja mia tisa kumi na mbili.
Hapo hesabu ilikuwa bado safi.
Wauza vikuku wakaniita kwa Kiingereza, kisha Kifaransa,
wakatazama viatu vyangu,
wakaacha.

Kuhusu mlima, nilikuwa nimeambiwa upo.
Wenyeji huutumia kila sentensi: panda kwa juu,
shuka kwa chini, duka lile la upande wa mlimani.
Lakini wiki nzima mawingu yamefunika mji
kama sahani juu ya bakuli,
nami nikakisia. Juu ya karatasi KASKAZINI,
chini yake KUSINI, kwa herufi kubwa,
nikapigia mistari kwa rula.

Akaja mama, kichwani kichwa cha cherehani
kimefungwa kitenge, shingo imesimama wima.
"Mwanangu, Kilombero naenda sawa?"

Mwanangu.
Tangu nishuke basi hakuna aliyeniuliza kitu
ila nauli.
Ningeweza kusema sijui. Ni neno fupi,
halimalizi mate.
Nikafungua daftari. Nikanyoosha mkono
kama mwenye shamba akionyesha mpaka:
"Nyooka na hiyo, mama. Usikate kona."
Akashukuru. Akanyooka.

Nami nikashika njia yangu, kifua mbele,
hatua mia mbili na kumi za kujipongeza,
hadi kwenye kibao kilichopauka: SOKO LA KILOMBERO,
na mshale wake ukielekea
mbele yangu. Si nyuma.

Chuma kile kina kilo ngapi? Kumi? Kumi na mbili?
Nikageuka nikakimbia, na anayekimbia hahesabu.
Hadi Kijenge. Nikauliza mchoma mahindi,
dereva wa bajaji, binti anayefagia mbele ya duka la rangi:
mmemwona mama mwenye cherehani?
Kila mmoja akanyoosha mkono, kila mkono na upande wake,
wote kwa uhakika ule ule
niliokuwa nao mimi.

Nikakata kona zote nilizomkataza.
Najua sasa uchochoro wa wauza magodoro,
ukuta ulioandikwa USIKOJOE HAPA FAINI 50,000
na anayekojoa hapo,
kanisa lenye kengele ya rimu ya lori,
mbwa mmoja wa njano asiyependa wanafunzi.
Daftarini hakuna hata kimoja.

Saa tisa nikafika Kilombero nina jasho ndani ya baridi.
Fundi Loishiye, miwani imefungwa kwa uzi,
hakuinua uso.
"Yule wa King'ori? Keshapita. Mashine yake hiyo hapo.
Kazungushwa hadi Kijenge na kijana mwenye penseli sikioni.
Kasema ukimwona umwambie
jua huchomoza upande mmoja tu."

Nikaitoa penseli taratibu, nikaitia mfukoni.
Nikasema nitamwambia.

Nilipotoka sokoni mawingu yalikuwa yamepasuka
na mlima umekaa pale, mkubwa, bila haraka,
juu ya mabati na nyaya za umeme,
upande ule ule
nilioandika KUSINI.

Sikufuta. Niligeuza daftari chini juu
nikarudi chuoni na njaa yangu,
bila kuhesabu,
mlima bega la kushoto.